Kumtambua Mbwa Anayekaribia Kuzaa: Lini Tusubiri, Lini Tumwite Daktari

Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya nyama, maziwa, chanjo za kuku na majosho ya ng'ombe. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya mbwa jike mwenye mimba, na pengine yupo miongoni mwenu anayejiuliza imekuwaje taasisi ya udhibiti ikaacha mambo makubwa ikaingia katika banda la mbwa.

Imekuwa hivyo kwa sababu usiku mbwa anapozaa, mwenye nyumba hununua dawa na huduma akiwa katika hali mbaya kuliko zote za mnunuzi. Ana hofu, ana haraka, na hana wa kumuuliza. Malalamiko yanayotufikia kuhusu jambo hili yana sura mbili. Mmoja analalamika kwamba alilipia sindano na safari ya usiku, kumbe mbwa wake alikuwa katika hatua ya kawaida kabisa na angezaa asubuhi bila msaada wa mtu. Mwingine anatueleza kwamba alisubiri hadi kukucha kwa kuwa alisikia mbwa hujizalia mwenyewe, akamkuta mama amelegea na watoto wamekufia tumboni. Dalili zilikuwapo katika nyumba zote mbili. Wenye mbwa hawakuwa wamefundishwa kuzisoma, na kazi yetu leo ni hiyo.

Tuseme kwanza neno la kuwatuliza. Mbwa walio wengi huzaa wenyewe, na mbwa wetu wa kienyeji ni hodari sana katika jambo hili. Mahali pa kuwa na wasiwasi wa mapema ni kwa wale wenye vichwa vikubwa na nyonga nyembamba, kama bulldog wa Kiingereza na wa Kifaransa, ambao mara nyingi huhitaji upasuaji; na wale wadogo kabisa, kama chihuahua. Aliyenunua mbwa wa aina hizo kwa matumaini ya kuuza watoto na aweke fedha za upasuaji kando tangu siku mbwa anapopandwa. Asiye na fedha hizo tunamshauri asimpandishe kabisa. Muuzaji wa mbwa hasemi jambo hili sokoni, nasi tunaona ni wajibu wetu kulisema.

Sasa tuhesabu siku. Mimba ya mbwa huchukua wastani wa siku 63, lakini ukianza kuhesabu tangu siku aliyopandwa, unaweza kupata siku chache kama 57 au nyingi kama 72, na bado mimba ikawa ya kawaida. Sababu yake ni kwamba mbegu za dume huweza kuishi ndani ya jike kwa siku kadhaa, hata wiki nzima, zikingoja mayai yapevuke. Siku ya kupandwa na siku ya kutunga mimba ni siku mbili tofauti. Mbwa aliyepandwa tarehe 1 Machi hutarajiwa kuzaa karibu na tarehe 3 Mei, lakini anaweza kuzaa wakati wowote kati ya tarehe 27 Aprili na 12 Mei. Kwa hiyo andikeni tarehe zote alizopandwa, mziandike mahali pasipopotea, wala msiwe na haraka ya kusema kwamba siku zimepita.

Tunasisitiza tarehe kwa sababu nyingine pia. Mbwa jike anaweza kuvimba chuchu, kutoa maziwa na hata kujitengenezea kiota miezi miwili hivi baada ya kutoka kwenye joto, ilhali hana mimba yoyote. Hali hii huitwa mimba ya uongo, na ni ya kawaida kwa mbwa. Wapo watu waliolipia huduma ya kuzalisha mbwa asiye na kitu tumboni. Kipimo cha altrasaundi huweza kuthibitisha mimba kuanzia siku ya 25 hivi. Picha ya eksirei huonyesha mifupa ya watoto baada ya siku ya 45, na ikipigwa kuanzia siku ya 55 huwezesha kuwahesabu vizuri zaidi. Si kila wilaya ina mashine hizo, tunalijua hilo, lakini penye uwezo tunaiona picha ya mwishoni mwa mimba kuwa fedha iliyotumika vyema kuliko nyingine zote katika safari hii. Ukijua kwamba watoto ni 6, mbwa akapumzika baada ya kuzaa wa 4, unajua kwamba kazi haijaisha. Na picha ikionyesha mtoto mmoja tu, daktari anapaswa kujua mapema, kwa maana ishara ya kuanza uchungu hutoka kwa watoto wenyewe. Mtoto aliye peke yake huweza kushindwa kuitoa ishara hiyo, akazidi kukua tumboni hata njia isimtoshe.

Tuje kwenye chombo kimoja kidogo ambacho tungependa kila mwenye mbwa jike awe nacho, yaani kipimajoto. Cha dijiti hupatikana katika maduka ya dawa, na kinatosha. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi. Katika wiki ya mwisho ya mimba hushuka kidogo na kuyumbayumba. Kisha, takribani saa 12 hadi 24 kabla ya kuzaa, hushuka ghafla kwa kiasi cha nyuzi 1 au zaidi, mara nyingi chini ya nyuzi 37.2. Mbwa wadogo hushuka zaidi ya hapo. Mbwa wakubwa sana huweza wasifike chini ya nyuzi 37. Kinachotokea ni kwamba homoni ya projesteroni, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia mimba na kulifanya joto lisimame mahali pake, imeanguka. Mlango umeanza kufunguliwa.

Mshuko huo ni wa muda mfupi. Joto hurudi juu baada ya saa chache, na anayepima mara moja kwa siku huweza kuukosa kabisa. Pimeni asubuhi, mchana na usiku, kuanzia siku ya 56 hivi, kila siku kwa nyakati zilezile. Kipimajoto kipakwe mafuta ya mgando, kiingizwe taratibu katika njia ya haja kubwa kiasi cha sentimeta 2, huku mtu ambaye mbwa amemzoea akimshika na kumsemesha. Kioshwe kwa sabuni kila baada ya kutumika, na kisitumike tena kwa binadamu. Kila kipimo kiandikwe. Thamani ya jambo hili iko katika mfululizo wa namba, kwa sababu namba moja iliyosimama peke yake haisemi mengi. Mbwa ambaye siku tatu mfululizo alikuwa na nyuzi 37.9, na leo jioni ana 36.8, huyo atazaa usiku huu au kesho. Na joto likishuka hivyo, saa 24 zikapita bila dalili yoyote ya uchungu kuanza, huo ni wakati wa kumpigia daktari.

Tunafahamu kwamba wapo wenzetu ambao kwa sababu za imani hawapendi kumgusa mbwa, ingawa wanaye uani kwa ajili ya ulinzi. Hao wanaweza kumkabidhi kazi hii mtu mwingine mwenye glavu, au wategemee macho, kwa kuwa mwili wa mbwa husema mengi hata bila kipimajoto.

Chuchu na tezi za maziwa hujaa katika wiki mbili za mwisho. Mbwa aliyekwisha kuzaa huko nyuma huweza kuwa na maziwa siku kadhaa kabla, wakati anayezaa kwa mara ya kwanza huweza asionyeshe tone hadi saa ya kuzaa yenyewe. Ndiyo maana hatuwashauri kutegemea maziwa kama saa ya ukutani. Tumbo hushuka, mbavu na nyonga zikaonekana zaidi, na sehemu za uzazi huvimba na kulainika. Ute mwepesi, mweupe au usio na rangi, si wa kutisha. Siku moja au mbili kabla, wengi hukataa chakula, wengine hutapika kidogo, na wachache hula kama kawaida hadi mwisho. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Zikija tatu kwa pamoja, hali ni nyingine.

Tabia nayo hubadilika. Mbwa huanza kuchimbachimba, kukwangua sakafu, kukusanya matambara na kuyaburuta pembeni. Anayefugwa nje hutafuta chini ya gari bovu, nyuma ya tangi la maji au ndani ya mtaro, naye akizalia mtaroni msimu wa mvua, mnajua yatakayotokea. Mwekeeni mahali pake wiki moja kabla ili apazoee: sanduku au pembe ya banda iliyo kavu, isiyopitiwa na upepo wala na watoto wa nyumba, yenye ukingo wa kuzuia vichanga visitambae nje. Magazeti na mashuka makuukuu hufaa kwa kutandika. Mapumba ya mbao hayafai, hunata kwenye pua za vichanga.

Kisha huja hatua ambayo, kwa uzoefu wetu, ndiyo inayowaponza wenye mbwa kuliko nyingine. Wataalamu huiita hatua ya kwanza ya uchungu. Mfuko wa uzazi umeanza kujikaza na mlango wake unafunguka, lakini kwa nje husimuliwi lolote isipokuwa mahangaiko. Mbwa huhema kwa kasi ulimi ukiwa nje, hutetemeka, hugeuka kutazama mkia wake, huinuka, hulala, huinuka tena, huja kwenu kisha huondoka. Hasukumi. Hali hii huchukua kwa kawaida saa 6 hadi 12, na kwa anayezaa mara ya kwanza huweza kufika saa 24 au kuzidi. Mtu asiyejua huona mateso, akakimbilia dukani. Katika saa hizi mbwa anahitaji giza kidogo, utulivu, maji ya kunywa karibu naye na mtu mmoja anayemfahamu. Majirani waliokuja kutazama waombwe kwa heshima warudi makwao. Mbwa mwenye hofu huweza kuusimamisha uchungu kwa muda.

Hatua ya pili huonekana waziwazi. Tumbo hukakamaa, mgongo hujikunja, na mbwa husukuma kama anayetaka kwenda haja kubwa. Shikeni saa mkononi kuanzia hapo. Huweza kutokea chupa ya maji, iliyo kama kibofu cha rangi ya kijivu, kisha mtoto. Baada ya mtoto wa kwanza, wengine hufuata kwa nafasi ya nusu saa hadi saa nzima, wakati mwingine wawili kwa haraka kisha mapumziko marefu. Takribani watoto 4 katika kila 10 hutanguliza miguu ya nyuma na mkia. Kwa mbwa hilo ni jambo la kawaida, wala lisiwafanye kuvuta. Mama mwenyewe hupasua chupa, hukata kitovu kwa meno na kumlamba mtoto hadi alie. Asipofanya hivyo kwa muda wa dakika moja hivi, pasueni utando puani mwa mtoto kwa vidole safi, mfuteni mdomo na pua, mumsugue kwa taulo kavu. Kitovu kikivuja damu kifungwe kwa uzi safi, sentimeta 2 au 3 kutoka tumboni. Kondo la nyuma hufuata kila mtoto au baada ya watoto wawili watatu. Mama hupenda kuyala, na hana kosa, ila akila mengi atatapika au kuharisha.

Sasa tusikilizane vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo maisha yanapookolewa au kupotea.

Mbwa akisukuma kwa nguvu mfululizo kwa dakika 20 hadi 30 bila mtoto kutoka, mpigieni daktari palepale. Anapokaa zaidi ya saa 2 tangu mtoto aliyepita, akisukuma kidogokidogo au kwa ulegevu, na mnajua kwamba wengine wamebaki ndani, mpigieni. Ukiona mguu, mkia au kichwa kimejitokeza na hakisogei, usivute kwa nguvu, piga simu. Damu nyekundu inayochuruzika kwa wingi, mama kulegea, kuanguka au kutapika mfululizo, hayo hayahitaji saa mkononi. Na siku ya 72 tangu alipopandwa mara ya mwisho ikipita bila kuzaa, mpelekeni akapimwe.

Ipo dalili nyingine ambayo watu wengi huipuuza, na tungependa muikumbuke hata mkisahau nusu ya tuliyoyasema. Ni majimaji ya rangi ya kijani iliyoiva au nyeusi. Rangi hiyo hutoka pale kondo linapoanza kubanduka katika ukuta wa mfuko wa uzazi. Ikionekana baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa, ni ya kawaida, na itaendelea kuonekana. Ikionekana kabla ya mtoto yeyote kuzaliwa, maana yake kuna mtoto ambaye kondo lake limeachia akiwa bado ndani, naye hapati tena hewa kutoka kwa mama yake. Muda wake ni mfupi sana. Rangi ni ileile, maji ni yaleyale, tofauti ni kabla na baada.

Tuzungumze sasa juu ya sindano ya uchungu, ambayo jina lake ni oksitosini. Dawa hii hulikaza tumbo la uzazi. Mkononi mwa daktari aliyekwisha kumpima mbwa, aliyehakikisha kwamba njia iko wazi na mtoto amekaa vyema, ni dawa njema, naye huitoa kwa kipimo kidogo. Mkononi mwa mtu aliyeletwa na bodaboda saa 4 usiku, aliyechoma sindano kabla hata ya kumshika mbwa tumbo, ni jambo la hatari. Ikiwa mtoto amekwama, mfuko wa uzazi utajikaza dhidi ya kitu kisichoweza kutoka, nao huweza kupasuka. Hata usipopasuka, mikazo mikali hubandua makondo ya watoto waliosalia kabla ya zamu yao, wakafa mmoja baada ya mwingine. Na ikiwa mbwa yuko bado katika ile hatua ya kwanza tuliyoieleza, analazimishwa kusukuma katika mlango ambao haujafunguka.

Ipo pia hoja ya ubora, ambayo inatuhusu moja kwa moja. Oksitosini huharibika kwa joto. Chupa nyingi huandikwa kwamba zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8, yaani katika jokofu. Chupa iliyokaa wiki kadhaa juu ya rafu ya duka la dawa za mifugo, katika joto la Dar es Salaam au Tanga, huweza kuwa imepoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Mchomaji akiona haifanyi kazi, huongeza nyingine. Ile ya pili ikitoka katika jokofu la duka jingine, mbwa hupata kipimo ambacho hakuna mtu aliyekikusudia. Tunawaomba kwa hiyo mambo matatu kabla ya sindano yoyote: daktari ampime mbwa kwa mikono yake, awaonyeshe chupa na tarehe ya mwisho ya matumizi, na awaambie imehifadhiwa wapi. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Anayechukizwa amekwisha kuwajibu.

Vidonge vya kalsiamu navyo huuzwa sana kwa wenye mbwa wajawazito, kwa maelezo kwamba vitaimarisha mifupa ya watoto na kuongeza maziwa. Msiwape wakati wa mimba pasipo agizo la daktari. Mwili wa mbwa aliyezoeshwa kupokea kalsiamu nyingi kutoka nje huzembea katika kuichota kutoka mifupani mwake, na maziwa yanapoanza kutoka kwa wingi hushindwa kuipata kwa haraka. Matokeo yake ni ugonjwa wa kutetemeka, kukakamaa miguu, joto kupanda sana na degedege, ambao huwapata zaidi mbwa wadogo wenye watoto wengi, hasa katika wiki 4 za kwanza baada ya kuzaa. Ni ugonjwa wa dharura. Saa chache zinatosha kuua. Mbwa mwenye mimba anahitaji chakula bora, kilichoongezwa polepole katika wiki tatu za mwisho na kugawanywa katika milo midogo, kwa kuwa tumbo limejaa na nafasi imepungua.

Kuhusu nani aitwe, sheria iko wazi. Chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003, madaktari wa mifugo huandikishwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na wataalamu wasaidizi nao wana utaratibu wao. Mwenye duka la dawa si lazima awe daktari. Aliyevaa koti jeupe si lazima awe daktari. Ombeni namba ya usajili mchana, mbwa akiwa bado mzima, wala si katikati ya usiku akiwa anasukuma. Katika mazungumzo hayohayo ya mchana, ulizeni kama daktari huja usiku, kama anao uwezo wa kufanya upasuaji au atawaelekeza kwingine, ni wapi huko kwingine, na gharama ya kila kimoja ni kiasi gani. Aandike. Aliye Morogoro ana bahati ya kuwa karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako madaktari wa mifugo hufundishwa. Walio mbali na penye upasuaji wajue mapema ni gari la nani litakalotumika, na dereva wake hulala wapi.

Jambo linalofuata huonekana dogo. Katika nyumba nyingi za mijini, mtu anayekuwa macho wakati mbwa anapozaa ni mlinzi au dada wa kazi. Mwenye nyumba amelala, au yuko safarini. Tumewahi kusikia mlinzi akieleza kwamba aliyaona yale maji ya kijani tangu saa 7 usiku, akaogopa kumgongea bosi wake dirisha kwa ajili ya mbwa. Alikaa naye hadi alfajiri akimpepea kwa kipande cha boksi. Hatuwezi kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kugonga. Mfundisheni mlinzi dalili hizi kama mnavyozifundishwa leo. Mwandikieni namba ya daktari kwenye ukuta wa kibanda chake, mumwekee salio la simu, na mumwambie kwa maneno ya wazi kwamba kuamshwa bure usiku si kosa.

Baada ya kuzaa, mama mwenye afya hutulia, hunyonyesha, na hutoka nje kwa muda mfupi tu. Vichanga vinywe maziwa ya kwanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 12 hadi 24, kwa kuwa ndiyo kinga yao. Haviwezi kujipasha joto vyenyewe, hivyo huhitaji nyuzi 29 hadi 32 mahali walipolala katika wiki ya kwanza. Kwa wenzetu wa pwani hewa yenyewe karibu inatosha. Kwa walio Arusha, Mbeya au Njombe wakati wa kipupwe, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa vizuri kwa kitambaa itahitajika. Uchafu wa rangi ya kijani iliyoiva, kisha wa kahawia yenye wekundu, huendelea kumtoka mama kwa wiki kadhaa ukipungua. Ukianza kunuka, au mama akipandwa na homa na kuwakataa watoto, arudi kwa daktari. Tunashauri apimwe ndani ya saa 24 hata kama yote yalikwenda vyema, ili kuhakikisha hakuna mtoto wala kondo lililosalia.

Na ikiwa yamekwenda vibaya, nanyi mnaona kwamba huduma mliyolipia haikuwa ya haki, msitupe kitu chochote asubuhi ile. Tunajua uchungu hufanya watu wafagie haraka. Wekeni kando chupa ya dawa hata kama imebaki tupu, bomba la sindano lililofunikwa ncha, stakabadhi au ujumbe wa malipo ya simu, na lile daftari la joto na saa. Andikeni saa aliyoanza kusukuma, saa mtoa huduma alipofika, saa aliyochoma sindano na saa alipoondoka. Malalamiko yasiyo na chupa wala saa hutuchukua muda mrefu kuyafuatilia, na mara nyingine hayafiki popote. Yenye chupa, namba yake ya toleo ikisomeka, tunaweza kuanza nayo kazi siku hiyohiyo: tunaliuliza duka lilikoipata, tunalitazama jokofu lao, na tunaitafuta akiba iliyobaki ya toleo hilo kabla haijauzwa kwa mtu mwingine.